Usingizi Ulionijibia Posa

Nina wajukuu tisa na vitukuu wawili, na wote, hata yule ambaye hajaota jino, wameshahadithiwa jinsi nilivyokaribia kuivunja posa ya Rehema, kwa hiyo nimeona bora niwaandikie na nyie kwa mkono wangu mwenyewe, aibu yangu niishike mimi, kuliko mje kuisikia kwa Bi Tatu, mwenzangu wa darsani, ambaye akihadithia huongeza mpaka mapigo ya ngoma.

Shule nilikwenda mpaka darasa la tatu, kule Tanga, nikatolewa nikalee wadogo zangu, lakini Mungu kanipa kichwa cha majina. Jina la mtu silisahau. Yule dada anayenitoa damu hapa Edmonton, huku ughaibuni, anaitwa Grace, mama yake Comfort, na mwanawe wa mwisho ana majina manne na yote ninayo. Nawaambia hili mapema kwa sababu lina mchango wake katika balaa lenyewe.

Basi, kwa ajili ya kisukari, miguu yangu ina maumivu ambayo daktari anasema ni ya mishipa ya fahamu na mimi nasema ni siafu, maana nikivaa soksi ni kama nimekanyaga kichuguu. Daktari akaniandikia vidonge vinavyoitwa gabapentin (nikaona hilo ni jina kamili la mtu na baba yake, nikamwita Gaba bin Pentini), nimeze kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja jioni. Na kila nikienda kumwona ananiuliza, huku binti yangu Mwanahawa akinitafsiria, kama kuna dawa nyingine ninayotumia, nami najibu hakuna.

Sikuwa nasema uongo. Kwangu mimi dawa ni ile inayotoka kwa mfamasia ndani ya mfuko wa karatasi, imebandikwa jina langu. Sasa chini ya kitanda changu kulikuwa na kopo la aiskrimu (aiskrimu yenyewe walishaila wajukuu zamani), na ndani yake mlikuwa na vidonge vya bizari ya manjano, mafuta ya habbasoda, vidonge vya magnesiamu vya kulegeza misuli, na makorokoro mengine, na hakuna hata kimoja kilichobandikwa jina langu. Ni vya sisi wanawake wa darsa la Alhamisi. Kwetu ukipata kitu kizuri hukifungii kabatini, unawagawia wenzako, kama tulivyokuwa tukigawiana chumvi na pilipili kupitia ukutani. Utakiitaje dawa kitu ulichopewa na Bi Tatu pamoja na kachori?

Ile magnesiamu nikawa nameza asubuhi na jioni, funda moja la maji pamoja na Gaba, maana sioni sababu ya kuchosha koo mara mbili. Siafu wakapungua kidogo tu. Nikalalamika kwa daktari kwamba Gaba wake mvivu, akaniongezea kipimo. Hapo ilikuwa imebaki wiki mbili tu posa ya Rehema iletwe.

Rehema ni mtoto wa Mwanahawa, amezaliwa hapahapa, Kiswahili anakisikia chote lakini anakujibu kwa Kizungu, na kijana aliyempenda anaitwa Kassim, watu wao wa Mombasa, wanakaa Peckham, upande wa pili wa mji. Miaka mitatu wanajuana na miaka miwili tumejifanya hatujui. Siku ya posa, Jumapili, upande wao ilikuwa waje na mjomba wa kijana, Mzee Shee, awe msemaji, na dada yake huyo mzee, Bi Mwanakombo, ambaye kazi yake ni kuwahudumia wazee majumbani, kuwapa dawa zao kwa saa na kutia saini. Upande wetu msemaji mwanangu Hemedi. Lakini mnajua kwetu: wanaume watasema mpaka wakauke, neno la kufunga ni la bibi. Bibi akisema tumewapa, ndiyo mmepewa. Rehema alinikumbatia asubuhi ile akaniambia, kwa Kiswahili, jambo ambalo halijawahi kutokea, “Bibi, leo usinitanie.”

Na wala sikukusudia utani. Nilikusudia heshima. Ndiyo maana tangu Jumamosi jioni niliiacha ile magnesiamu, kwa sababu (nisameheni, lakini tumeshakubaliana kusema kweli) inafungua tumbo, na mimi sikutaka Mzee Shee anakuja kuomba mchumba na bibi mwenyewe yuko mbio kwenye ngazi. Uamuzi mdogo, wa busara kabisa. Kisha moyo ukawa unanidunda, na Bi Tatu alikuwa amenipa chupa mpya, vidonge vya mzizi unaoitwa valeriani, akasema ukiwa na wasiwasi unameza viwili roho inatulia. Nikautazama mwili wangu nikaona viwili vitapotea njiani. Nikameza vitatu, pamoja na Gaba wa mchana, nikajifunga kanga mpya, nikakaa katikati ya kochi kubwa kama mimbari.

Wageni wakafika alasiri. Shikamoo, marahaba, karibuni, Kassim mwenyewe kaachwa kwenye gari nje kwa sababu mposaji haingii. Hita inavuma, sambusa zinanukia, na Mzee Shee akaanza. Sijui kama mmewahi kumsikia mtu aliyengoja maisha yake yote apewe nafasi ya kusema. Alianza na maua. Eti walikuwa wanapita barabara yetu wakasikia harufu ya ua. Nikawaza, barabara yetu hii inanuka kuku wa kukaanga na mabasi, lakini mzee huyu ana pua nzuri, na hilo ndilo la mwisho ninalolikumbuka.

Haya yanayofuata nimesimuliwa na Mwanahawa. Anasema nilikuwa nimefumba macho kwa utulivu, uso wangu umejaa nuru, watu wakadhani niko kwenye uradi. Mzee Shee akapita kwenye maua, akapita kwenye nyuki, akaingia kwenye nasaba, na alipomaliza akanigeukia kwa adabu.

“Basi mama yetu, kwa upande wenu, je, kuna pingamizi lolote?”

Nami nikaitikia kwa kichwa. Siyo mara moja. Mara tatu, na ya tatu kidevu kiligota kifuani.

Mwanahawa akanifinya paja. Nikafumbua macho nikakuta chumba kizima kinanitazama, sambusa ya Hemedi imesimama katikati ya sahani na mdomo.

“Mama,” Hemedi akasema polepole, “pingamizi gani?”

Wenzangu, hapo ndipo ningesema tu kwamba nilisinzia. Neno moja. Lakini mimi ni mwanamke wa miaka sabini na nane mwenye kanga mpya, nimewekwa katikati ya kochi, na mbele yangu yuko Bi Mwanakombo ambaye hajaniondolea jicho tangu aingie. Ulimi ulikuwa mzito kama umelazwa kwenye asali, kichwa kinaelea, nikatafuta neno nikaona nililonalo ni lile ninalolijua siku zote.

“Majina,” nikasema.

“Majina gani, mama?”

“Ya bibi zake. Kijana aje atutajie. Simpi mtu mjukuu wangu kwa ukoo usio na majina.”

Kule juu ya ngazi nikasikia mbao zimelia. Ni Rehema, alikuwa amejificha anasikiliza.

Kassim akaitwa kutoka garini, jambo ambalo halijapata kuonekana kwenye posa, akaingia na soksi, maskini, suruali imekunjika kwa kukaa. Nikamuuliza, bibi yako mzaa mama anaitwa nani.

“Nana,” akasema.

“Nana ni jina?”

“Sisi sote twamwita Nana.”

“Hata paka anaweza kuitwa Nana.”

Sasa kumbukeni bibi mzaa mama yake Kassim ndiye mama yao Mzee Shee na Bi Mwanakombo. Mimi nilikuwa najua hilo, ningekuwa na akili zangu ningelikumbuka, lakini akili zangu siku ile zilikuwa zimelala upande mmoja. Bi Mwanakombo akaweka kikombe chini.

“Mamangu amelinganishwa na paka,” akasema, bila kupaza sauti, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Mzee Shee akachukua kofia yake kwenye goti akaivaa. “Kama mlikuwa na neno nasi,” akasema, “mungetwambia kwa simu. Tumevuka mji mzima.” Akasimama. Kassim kasimama, hajui mikono aiweke wapi. Na Rehema akateremka ngazi zote kwa mara moja, akasimama mlangoni mbele za watu, machozi yanatiririka, hakuwatazama wengine, alinitazama mimi. Mtoto aliyeniomba jambo moja.

Nikataka kusimama nimshike Mzee Shee mkono asiondoke. Roho ilisimama, miguu haikusimama. Nikaenda mbele taratibu kama gunia la viazi linaloteremshwa, nikamkuta Mzee Shee tumboni, akarudi kochini kwake, nami juu yake, na sahani ya sambusa chini yetu sote.

Mwanahawa akapiga kelele kwamba mama amepata kiharusi. Lakini Bi Mwanakombo alishavuka meza. Matusi yangu kwa mama yake akayaweka pembeni kama mtu anavyoweka mkoba, akapiga magoti, akanishika taya.

“Bi, nitazame. Inua mikono yote miwili.”

Nikainua.

“Cheka nikuone mdomo.”

“Nicheke nini, siku yenyewe hii?”

“Si kiharusi,” akawaambia wengine. “Huyu amelewa usingizi.” Kisha akanisogelea. “Bi, umemeza nini leo, na saa ngapi? Nambie vyote. Usinifiche, mie hawa wazee kama wewe nawaona kila siku wana maduka chini ya kitanda.”

Sikujua kama kuna mtu duniani anajua habari za chini ya kitanda changu. Hemedi akatumwa juu, akashuka na kopo la aiskrimu, na Bi Mwanakombo akalimwaga mezani mbele ya wakwe, akapiga simu namba ya ushauri wa afya, akaanza kumsomea nesi chupa moja moja kwa sauti. Kila chupa, kazi yake. Alipofika kwenye magnesiamu nikasema nimeiacha tangu jana jioni, akaniuliza kwa nini, na nesi naye anangoja kwenye spika, na Mzee Shee kakaa ubavuni mwangu anajipangusa nyama ya sambusa kwenye kanzu. Nikasema kweli. Nikasema kuhusu tumbo na ngazi. Mjomba wa bwana harusi akatazama dari.

“Kwa hiyo,” Bi Mwanakombo akasema, na sasa akaniangalia kwa namna nyingine, “wakati ndugu yangu akisema, wewe ulikuwa...”

Rehema bado yuko mlangoni. Nikamwona. Nikaona kanga yangu mpya na umri wangu na kochi langu, vyote havifiki uzito wa yale machozi.

“Nilikuwa nimelala,” nikasema. “Sina pingamizi. Sikusikia hata swali. Nisameheni.”

Mzee Shee akanigeukia. “Ulilala tangu wapi?”

“Tangu maua.”

“Lakini nilianza na maua.”

“Ndiyo, baba.”

“Hotuba yote?”

Bi Mwanakombo akaanza kutikisika mabega, simu mkononi, nesi anauliza hallo, hallo. “Kaka,” akasema, “mie nimengoja miaka arubaini mtu akwambie.” Akacheka mpaka akalia, na Hemedi akacheka, na mwishowe mzee mwenyewe akavua kofia akaiweka tena gotini. Akasema safari hii atafupisha. Akasema hivi: “Mwatupa au hamtupi?”

“Tumewapa,” nikasema, kwa macho mawili.

Watu wa ambulensi walikuja, kwa sababu nesi alisema kwa umri wangu na hivyo nilivyomeza lazima nitazamwe kupumua, wakanibana kidole kwa kidude chao, wakanipima sukari na presha, wakasema nisiachwe peke yangu. Bi Mwanakombo alikaa nami mpaka akaridhika. Kabla hajaondoka nikamuuliza jina la mama yake. Mwanaidi binti Faki. Ninalo.

Kesho yake nikapelekwa na kopo langu kwa mfamasia wa kliniki, na akanieleza mpaka nikaelewa. Magnesiamu ikimezwa pamoja na Gaba inamzuia asiingie mwilini sawasawa, inatakiwa wapishane saa mbili au zaidi. Kumbe Gaba hakuwa mvivu, mimi ndiye nilikuwa namfunga miguu halafu namshtaki kwa daktari. Siku nilipomfungua akaingia mzima, na kipimo kilichoongezwa, na valeriani naye kazi yake ni kusinzisha, wakakutana wawili kwenye bibi mmoja. Valeriani nikaambiwa niiache kabisa. Gaba akapunguzwa na daktari kidogo kidogo, nikaonywa nisimkatishe ghafla kwa hasira. Siafu wapo, lakini wana adabu.

Siku hizi kila chupa inayoingia nyumbani naiandika jina langu mwenyewe kwa kalamu nene, hata ya habbasoda, ili nikiulizwa kuna dawa nyingine nisijidanganye. Bi Tatu anasema nimekuwa mchoyo. Sawa.

Nikahi ilisomwa mwezi uliofuata. Shehe alipouliza kama yupo mwenye pingamizi, ukumbi mzima uligeuka kunitazama mimi, na Rehema, na shela lake lote, alikuwa ameshamweka Bi Mwanakombo kulia kwangu na Kassim kamweka Nana kushoto. Nilikuwa macho kama bundi. Hata hivyo kidevu changu nilikishika kwa mikono yote miwili, nikakishikilia mpaka shehe alipofunga kitabu, na Bi Mwanaidi binti Faki, ambaye ana miaka tisini na moja na husikia kila anachotaka kusikia, akaniinamia sikioni akaniuliza kama na mimi nataka maziwa, kama paka.