Gauni Lililozibwa Shingo

Watu walimwita Fundi Taratibu kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Hata mvua ikimkuta njiani alitembea mwendo ule ule. Mkewe alikuwa akisema kwamba siku ya mwisho malaika watalazimika kumsubiri amalize kufuta mafuta mikononi. Alitengeneza vyerehani chini ya ngazi za jengo moja la ghorofa, katika kichumba ambacho mtu mrefu aliingia kwa kuinama. Mle ndani mlikuwa na benchi, taa moja, harufu ya mafuta ya mashine, na vyerehani vya watu vimepangwa ukutani vikisubiri zamu kama wagonjwa.

Alikuwa na kazi nyingine, ambayo hakuiandika mlangoni. Ilianza ujanani, kabla hajaoa, alipokuwa akiitwa. Sauti ilimwita kwa jina lake kutoka nyuma, mchana kweupe, barabarani, kazini, hata kanisani, na kila alipogeuka hapakuwa na mtu. Mwanzoni alicheka. Baadaye hakuweza kumaliza barabara moja bila kugeuka, na mwishowe akawa anaegemeza mgongo ukutani kila alipokaa, akakonda, akaacha kutoka. Ndugu zake walihangaika naye huku na huko. Wengine walimfunga vitu shingoni, wengine walimpigia kelele masikioni mpaka akazirai. Aliyemsaidia ni bibi mmoja aliyekuwa akifagia kanisa. Bibi huyo alimkalisha kwenye benchi la mwisho, akamshika mkono.

"Mjukuu wangu," akamwambia, "anayekupenda hajifichi nyuma yako. Yesu yuko mbele, anakungoja. Twende."

Wakatoka pamoja hadi barabarani. Sauti iliita, na kijana hakugeuka. Kesho yake bibi alikuja tena, na kesho kutwa tena, mpaka sauti ikafifia, ikanyamaza.

Tangu hapo Fundi aliamini kwamba hakufunguliwa ili auweke uhuru wake kabatini. Waliofungwa wako wengi, na wengi hawana hata wa kukaa nao. Mchungaji wake aliiona karama yake ya kuwaombea watu hao, akamwekea sharti moja tu: asiende nyumbani kwa mtu peke yake. Kwa hiyo alikwenda na mkewe, Mama Pacha, mpishi wa shule, mwanamke mwenye sauti ya kusimamisha foleni na moyo usiotishika kirahisi.

Alasiri moja akaja mwanamke wa makamo, nadhifu, amevaa nguo za mikono mirefu ingawa kulikuwa na joto.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, binti yangu. Mashine iko wapi?"

"Iko nyumbani." Akasita. "Inashona yenyewe."

Fundi aliendelea kukaza skrubu. "Ni ya umeme?"

"Ya miguu."

"Huenda mkanda umekaza, ukigusa kidogo tu inazunguka."

"Mkanda niliutoa, fundi." Akafungua mkoba, akauweka mkanda wa ngozi juu ya benchi. "Jana imeshona tena."

Fundi akaweka bisibisi chini.

Mwanamke huyo alikuwa mtoto pekee wa mshonaji wa magauni ya harusi. Alimuuguza mama yake miaka mingi, na mama alikuwa amefariki mwaka uliopita. Sasa alikuwa amepata kazi kwenye tanuri la mikate upande wa pili wa mji. Lakini kila alipovaa ili atoke kwenda kuianza, alisikia mashine ikianza chumbani kwa marehemu. Kilichofuata hakukijua. Alishtukia ni jioni, amelala kitandani na viatu miguuni. Kuja kwa fundi aliweza, alisema, kwa sababu alijidanganya kuwa anakwenda kununua uzi wa mama.

Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, Fundi na Mama Pacha walikwenda. Nyumba ilikuwa safi kupita kiasi. Mapazia yamefungwa, na sakafuni hapakuwa na kipande cha uzi. Chumba cha marehemu kilikuwa na kitanda, kabati, na cherehani dirishani, mbele yake kiti chenye mto. Fundi alikagua mashine. Mkanda haukuwapo, na hata sindano haikuwapo. Akazungusha gurudumu kwa kidole. Lilikuwa zito, limeshika kutu ndani.

"Mashine hii haijashona muda mrefu," akasema.

Mwanamke akafungua kabati, akatoa gauni jeupe. Lilikuwa saizi yake hasa, kitambaa kizuri, mishono midogo iliyonyooka. Mama Pacha alilipokea akaligeuza ili aone shingo, asiione. Shingo ilikuwa imeshonwa ikazibwa. Mikono nayo ilikuwa imezibwa mwishoni, na pindo la chini limeunganishwa kama mdomo wa gunia.

"Kila asubuhi nalifumua," mwanamke akasema. "Jioni nalikuta hivyo."

Mama Pacha alilirudisha upesi, na alipolirudisha aliona vidole vya mwenzake. Ncha zake zilikuwa zimetobolewa-tobolewa kama za mtu anayejifunza kushona. Akamtazama mumewe, akanong'ona, "Kikulacho ki nguoni mwako."

Walikaa kuzungumza habari za marehemu. Katikati ya sentensi mwanamke akanyamaza. Akainuka kama mtu aliyekumbuka jiko, akaenda kukaa kwenye kile kiti. Miguu yake ikaanza kukanyaga pedali isiyovuta kitu, taka-taka-taka, na mkono wa kulia ukatoa sindano ya mkono kwenye ukosi wa nguo yake, ukaanza kushona lile gauni bila macho kutazama. Alikuwa akitazama ukuta. Kisha akasema kwa sauti nzito isiyo yake, ya mama mzee, yenye kikohozi katikati:

"Nani kamleta fundi? Mashine yangu haijaharibika."

Mama Pacha aliukamata mkono wa mumewe mpaka kucha zikaingia. Fundi naye nywele zilimsimama, lakini hakupaza sauti. Alisogea hadi pembeni ya kiti, akachuchumaa.

"Bwana Yesu," akasema, "mpe nafasi aseme mwenyewe." Akamwita mwanamke kwa jina lake alilobatizwa nalo. Akamwita tena, polepole, kama mtu anayemwamsha mtoto.

Pedali ikasimama. Mwanamke akaitazama sindano mkononi mwake, akalia sana. Ndipo alipoeleza. Siku za mwisho mama yake alikuwa amemshikisha mkono kwenye gurudumu la mashine, akamwapisha kwamba hatamwacha. Hataolewa wala kutoka. "Akasema, 'Ukitoka, nitakufuata.'"

"Mama yako mwachie Mungu," Fundi akamwambia. "Aliye mikononi mwa Mungu hana haja ya kukaa kwenye kiti hiki. Hicho kinachokushika sijui ni pepo, sijui ni majonzi. Yesu anakimudu vyovyote kilivyo. Lakini kiapo kilitoka mdomoni mwako. Mimi siwezi kukukanushia."

Mwanamke alijaribu kukikana. Taya zikakaza, jasho likamtoka, neno lisitoke. Jua lilipoanza kulegea waliomba, wakaaga, na walipofika mlangoni walisikia nyuma yao taka-taka-taka.

Njiani, karibu na kwao, Fundi akasimama ghafla. Mkewe hakuwahi kumwona akisimama ghafla.

"Vipi?"

"Naitwa."

"Na nani?"

"Nyuma. Kwa jina langu. Kama zamani."

Mama Pacha akampitishia mkono kwapani. "Basi tembea, mume wangu. Kukimbia hujui, sikuombi ukimbie. Tembea hivyo hivyo."

Wiki ile haikuwa nzuri. Sauti ilimfuata mpaka kazini, ikawa inatoka nyuma ya benchi, mahali palipokuwa na ukuta mtupu. Mteja mmoja aliuliza, "Kuna mtu humo ndani?" na Fundi akainamia kazi yake. Chakula kilimshinda. Alifikiri kumpelekea yule mwanamke salamu kwamba anaumwa, na wala usingekuwa uongo mkubwa. Alimweleza mchungaji, naye akamwambia, "Ukitaka kupumzika, pumzika. Hakuna atakayekulaumu. Ila tuombe kwanza." Wakaomba. Katika maombi Fundi hakuona maono yoyote, ila lile gauni. Akafikiri jinsi mtu anavyoweza kuvalishwa kitu cha namna ile na watu wakamsifu amependeza.

Akapiga moyo konde, akarudi na mkewe kwa yule mwanamke.

Mwanamke alikuwa akiwangoja mlangoni, macho mekundu. "Fundi, niambie la kufanya, nitafanya lolote. Nichukueni nikae kwenu. Nitapika, nitafua, nitakusikiliza kwa kila kitu."

"Hapana, binti yangu. Ukitoka kwa mama yako ukajifunga kwangu, utakuwa umebadilisha kamba tu. Tutakaa na wewe. Tutakuombea. Kuamua ni kwako."

Alikasirika. Aliwaambia wamekuja kumtazama akiteseka, kwamba hata wao ni walewale. Mama Pacha alifungua mdomo, mumewe akamgusa goti, akaufunga. Wakakaa mpaka chai ikapoa. Hatimaye mwanamke akaenda mwenyewe kusimama mbele ya cherehani.

"Mama," akasema, "nilikupenda, na nilikuuguza. Kile kiapo niliapa kwa woga." Akaendelea. "Sikishiki tena. Mungu anisamehe, na wewe akupumzishe. Y—" Neno likamkwama kama mfupa wa samaki. Akashika koo. Fundi na mkewe waliomba kwa sauti ya chini, hawakumsemea. "Yesu," akasema mwisho, kwa sauti ndogo iliyokwaruza, "nitoe."

Akachukua mkoba, akavuka kizingiti.

Na mashine ikaanza.

Fundi na Mama Pacha walikuwa bado ndani, wanaiona. Gurudumu halikuzunguka. Pedali ilikuwa imetulia, na kiti kilikuwa kitupu. Lakini mlio ulijaa chumba kizima, wa haraka, wa mtu anayewahi kumaliza nguo ya mteja.

Kutoka nje wakamsikia, "Na nyinyi mnaisikia?"

"Tunaisikia!" Mama Pacha akajibu kwa ile sauti yake ya foleni. "Wewe endelea!"

Viatu vikaenda. Mlio ukazidi kasi, kisha ukapungua kidogo kidogo, kama mshonaji anapoinua mguu, ukakoma. Mto wa kile kiti, uliokuwa umebonyea katikati, ukainuka polepole mpaka ukawa sawa.

Mama Pacha alifungua mapazia yote kabla ya kutoka. Hakuacha hata moja.

Sauti iliyokuwa ikimwita Fundi ilififia wiki ile ile, lakini uhuru wa mwanamke haukuja wote siku moja. Mwanamke alihamia kwa binamu yake karibu na tanuri, na kwa miezi alikuwa akiamka asubuhi vidole vikishona hewa. Mama Pacha alikuwa akimtembelea, wakichambua mchele na kuomba. Kanisani alikaa nyuma, kisha katikati. Akaanza kuvaa mikono mifupi. Nyumba ya mama yake aliipangisha kwa familia yenye watoto, na hajasikia lalamiko, ila la bomba.

Mwaka jana alikuja tena kule chini ya ngazi, unga wa ngano nyuma ya sikio, akiwa amemshika mkono mwenzake wa kazini, mwanamke mwembamba aliyekataa kuinua macho.

"Huyu hapati usingizi, fundi. Nimemwambia hatakuwa peke yake."

"Karibuni ndani."

Mwembamba akabaki mlangoni. Alinyoosha kidole kwenye stuli ya wateja, iliyokuwa tupu. "Pale pana mtu ameshakaa," akasema.

Fundi aliitazama stuli. Akafuta mafuta mikononi, kidole kwa kidole, akazima taa. "Basi tukae nje," akasema.

Wakakaa watatu kwenye ngazi, juani, watu wakiwapita na vikapu vyao. Na kabla Fundi hajafumba macho, yule wa tanuri alikuwa tayari ameshaanza kuomba.