Unga wa Ngano Kwenye Tangi

Mimi sikuumbiwa kunyamaza, na kungwi wangu alilijua hilo kabla hajanifunza lolote. Siku ya kupelekwa Tongoni kwa mume wangu alinishika kidevu akasema, "Leo, mwanangu, husemi mpaka mama mkwe wako akusemeshe. Ukifungua mdomo njiani, umeniaibisha." Nikaitikia kwa kichwa. Huyo mama mkwe nilikuwa namwogopa kweli, maana alitaka mwanawe amwoe binamu yake, na mtaa mzima ulijua.

Gari lilikuwa la mjomba wangu, kuukuu. Kifuniko cha tangi kilipotea zamani, na mahali pake alifunika kopo tu, kwa hiyo ndani mlinuka petroli. Kungwi alikuwa amenifukiza udi juma zima, akaapa hampeleki mwari wake akinuka gereji. Mjomba alipoingia ndani kuvaa kanzu, yeye akakanda unga wa ngano, akalizibia lile kopo pande zote kama anavyoziba sufuria ya biriani. Nilimwona kutoka dirishani, nikacheka.

Tulipofika kwenye mashamba ya mkonge, gari likakohoa, likazima. Mjomba akapiga hendeli kuliwasha mpaka kanzu ikamganda mgongoni. Akafungua boneti, akafuta plagi kwa kilemba chake, akazirudisha. Wapi. Akachomoa mpira wa petroli, akaunyonya, hakikuja kitu.

"Petroli haifiki," alisema. "Na tangi nimelijaza mwenyewe asubuhi."

Jua lilikuwa linashuka. Mwishowe akasema lori la mkonge likipita tupande, turudi mjini, kesho atatafuta gari jingine.

Bibi harusi aliyerudi kwao kabla ya kufika ana mkosi, ndivyo watu wetu walivyoamini, na mama mkwe angenitajia siku hiyo mpaka ananizika. Kungwi alianza kulia. Mimi nikakumbuka debe la mafuta pale nyumbani: ukilitoboa tundu moja hayatoki vizuri, mpaka utoboe la pili, upepo uingie.

"Mjomba," nikasema ndani ya buibui, "kautoe ule unga kwenye tangi."

"Unga gani?"

Kungwi akanifinya paja. Nilikuwa nimeshasema, basi nikamaliza. "Wa ngano, aliozibia kopo. Tangi halipati upepo, mafuta yatatokaje?"

Mjomba akaubandua kwa bisibisi, ulikuwa umekauka kama kigae. Tangi likavuta upepo, fyuu, sote tukasikia. Akaurudisha mpira, akasubiri kidogo, akapiga hendeli, gari likanguruma. Kungwi hakunisemesha tena njia nzima, na harufu ya petroli ikaniingia nguoni, udi wote ukapotea.

Mama mkwe alitupokea mlangoni. Akanusa.

"Mbona mkaza mwanangu ananuka petroli?"

Kungwi akajifanya anatengeneza buibui langu. Mjomba, ambaye hajui kuficha jambo, akasimulia yote, hata kwamba ni mimi niliyesema. Nilitamani ardhi inimeze. Mama mkwe akanifunua uso.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Haya ingia, ukishapumzika unitazamie jiko langu la mafuta ya taa. Linazimazima tangu yule binamu wa mumeo alipolishika."