Mtani Alisema Anaumwa, Sie Tukacheka

Niliwahi kumlilia mtu msiba akiwa hai, mbele ya kiwanda kizima, na watu wakanipigia makofi.

Msinitukane kwanza. Someni mpaka mwisho, halafu mnitukane.

Miaka ya tisini hiyo, nilikuwa napaki sabuni kwenye kiwanda kimoja kule Pugu Road. Kilikuwaga cha serikali, kikauzwa, akaja tajiri mpya. Mie Rukaiya, Mzaramo wa Mtoni, mdomo wangu hauna breki. Pale kiwandani nilikuwa na mtani wangu, Polikarpo, Mnyamwezi wa Tabora. Kazi yake kubeba makatoni na kuyapanga kwenye malori.

Kwa wale msiojua utani wa Wazaramo na Wanyamwezi, niwaambie. Mtani anakunyang'anya soda mkononi na hununi. Anakwambia una sura mbaya mbele ya mumeo. Hata msibani kwako anakuja kufanya vituko wenzie wanalia, na ni haki yake. Ukikasirika, wewe ndo huna adabu.

Basi, tajiri akafunga zahanati ya kiwanda. Akatukusanya uwanjani, akasema kuna njia mbili za matibabu, kila mtu achague yake.

Ya kwanza, unakatwa hela nyingi kwenye mshahara, lakini ukiugua kiwanda kinalipa yote. Usipougua, hela imekwenda hiyo.

Ya pili, unakatwa kidogo. Inawekwa kwenye mfuko wenye jina lako, na tajiri anaongeza kiasi kilekile ulichoweka. Ukiugua, gharama za mwanzo zinatoka kwenye mfuko wako mpaka kiwango walichopanga. Zikizidi hapo kiwanda kinabeba. Kinachobaki ni chako, hata ukiacha kazi unaondoka nacho.

Kwa mama ntilie siku hiyo wali ulipoa kwa ubishi. Wengi waliiogopa njia ya pili, wakasema kuweka hela ya ugonjwa ni uchuro, unauita wenyewe uje. Fundi wa mashine, Anselmo, alikuwa na watoto wanaougua malaria kwa kupokezana. Akasema yeye anabaki na ya kwanza, maana kwake huo mfuko utakuwa mtupu kila siku. Alikuwa na hoja, siwezi kukataa.

Lakini mie na kimbelembele changu nikasimama. Nikawauliza, nyie wenye afya zenu, mtu anawaongezea hela mnakataa? Ikifika miaka kadhaa si unanunua kiwanja Mbagala? Halafu nikatia na la kwangu.

"Siri ni moja, usiuguse," nikasema. "Kila ukikimbilia hospitali kwa kidole, unakula kiwanja chako mwenyewe. Meza panadol, ulale."

Polikarpo akaniuliza kama nasema kweli au ndo yale yetu. Nikamwambia hapo sitanii.

Akachagua ya pili. Mie pia.

Mwaka haukuisha Polikarpo akaanza kukonda. Akawa anakunywa maji haachi, nami nikamwambia ng'ombe wa kwao watakuja kumdai kisima. Watu hoi. Halafu akapata kidonda mguuni, akawa anachechemea na katoni kichwani. Kidonda kikagoma kupona.

Siku moja alikuja mpaka kwenye meza yangu ya kupakia.

"Mtani, mie naumwa," akasema. "Huu mguu utaniua."

Nikamjibu tutauzika mguu kwanza, yeye atafuata. Meza nzima ikaangua kicheko. Na yeye alicheka, lakini alicheka anaangalia chini. Hilo nililiona, wallahi nililiona. Nikaendelea kupaki sabuni.

Wiki ileile, wakati wa chai, akaja tena upande wangu. Akaanguka pale pale, miguuni kwangu.

Jamani, mie nilijua ni vituko. Watani wanajilazaga hata njiani mpaka uwape kitu ndo wainuke. Nikavua kanga ya begani, nikamfunika gubigubi, nikashika kichwa na kuanza kulia kwa sauti. Nikaomboleza Mnyamwezi wangu kaniacha, makatoni nani atabeba. Nikagaragara. Wenzangu wakapiga makofi, wengine wakaitikia kile kilio.

Anselmo ndo aliinama kumtekenya. Akamtekenya tena. Akamfunua kanga usoni.

"Huyu hatanii," akasema.

Hapo ndo harufu ya kile kidonda ikanifikia.

Hospitali wakasema ni kisukari, alikuwa nacho muda mrefu. Mguu ulikuwa umeshaoza ndani. Wakaukata chini ya goti.

Nikazunguka kiwandani kukusanya mchango, nikijua mfuko wake hautatosha. Nikampelekea mkewe, Adelina, nikamkuta kakaa nje ya wodi. Nikamwambia tumechanga kidogo cha kusaidia gharama.

Akaniambia gharama zimeshalipwa. Mfuko wake ulitosha kile kiwango cha mwanzo na kingine kikabaki, zilizozidi kiwanda kilibeba kama walivyosema.

Nikamuuliza, kama hela ilikuwepo, mbona hakuja mapema?

Akanigeukia.

"Dada, nimemsihi aende tangu kidonda kiko kidogo," akasema. "Akaniambia mtani wake kasema mfuko usiguswe. Nikamwambia huyo anakutania. Akasema hapana, hapo hakutania."

Aibu niliyoipata sijui niwaelezeje. Neno lake la kweli mie nililifanya utani, na upuuzi wangu yeye aliushika kama maneno ya daktari. Nikamwekea ile hela mapajani, nikaondoka.

Alipopata nafuu akaja kiwandani kuaga na kuchukua kilichobaki kwenye mfuko wake. Alikuwa anatembelea magongo. Nikamwona anakuja upande wetu, nikasema moyoni leo na anitukane. Aniambie nina mdomo mbaya, mchawi, mla watu, chochote. Nilikuwa nakihitaji kile kichambo jamani, nilikuwa nakililia.

Akasimama mbele ya meza yangu.

"Habari za kazi, dada Rukaiya," akasema. "Nashukuru kwa mchango wenu."

Kwa adabu kabisa. Akanipa mkono, akageuka, akaondoka.

Wenye watani mmeshanielewa. Yule hakuniacha kwa hasira, aliniheshimu. Na mtani akishakuheshimu, umempoteza.

Hela ya ugonjwa ni ya kuugulia, msiikumbatie kama mie nilivyowafundisha watu. Na mtani wako akikwambia anaumwa, mpeleke hospitali kwanza. Mtacheka mkiwa mnarudi.