Mungu Hana Kombeo

Mwaka ule mume wangu alivunjika mguu mpunga ukiwa ndio kwanza unatoa masuke. Alianguka na baiskeli mchana kweupe, hajaonja hata tone la pombe, jambo ambalo majirani zetu wa Lipangalala hawajaliamini mpaka leo. Akalazwa hospitali na plasta mpaka pajani, nami nikabaki na eka moja na nusu ya mpunga bondeni, mtoto mchanga mgongoni, na ushauri.

Ushauri ulikuwa mwingi kuliko mpunga. "Mtumaini Mungu," waliniambia wanajumuiya wenzangu wa kanisani, kila mmoja akiwa na haraka ya kuwahi shambani kwake. Mwenyekiti wetu, mama mnene mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto, alinishika mikono yote miwili. "Mwanangu, Mungu hamtupi mja wake." Nikamshukuru. Kisha akaniomba matembele ya kwenda kupika.

Asiyewahi kuamia ndege anadhani ni kazi ya kukaa tu. Unapanda juu ya dungu, kile kijukwaa cha miti katikati ya shamba, kabla jua halijatoka, una kombeo lako na lundo la vidonge vya udongo. Kweleakwelea wanashuka kwa maelfu. Ukiwatupia upande huu wanahamia upande ule na kuendelea kula, wala hawakukasirikii. Wifi yangu wa Idete alikwenda msibani siku moja tu. Aliporudi alikuta mpunga umesimama vizuri kabisa, ila ndani ya masuke hamna kitu. Wangu ndio uliokuwa chakula chetu cha mwaka mzima. Ukiliwa, tungechemsha matumaini.

Nilijaribu kila hila. Nilichukua kaseti ya kwaya aliyoipenda mume wangu, nikafumua utepe wote na kuufunga kwenye vijiti kukatiza shamba, uvume kwa upepo. Ndege waliuogopa siku mbili. Siku ya tatu walikuwa wanapumzika kwenye vijiti vyake.

Ilikuwa mwezi wa tano, mwezi wa Mama Maria, sanamu yake inapozungushwa nyumba hadi nyumba na kulala siku moja kila nyumba. Zamu yangu ikafika. Mwenyekiti akanifuata mpaka shambani kunikumbusha: kesho saa tisa niwe nyumbani, nimefagia, na uji wa watu uko tayari. Mimi nilikuwa sijala tangu jana yake. Nikamjibu kutoka juu ya dungu, hata shikamoo sikumpa.

"Mama, mimi siji. Mnaniambia nimtumaini Mungu, lakini Mungu hana kombeo. Nikiondoka hapa nani atafukuza ndege? Malaika?"

Alinitazama, akautazama na mpunga. Akageuka akaenda zake. Nikajua nimeshafutwa jumuiya, nikaona afadhali, angalau ushauri utapungua.

Kesho yake saa tisa nikawaona wanakuja kwenye matope, watu kumi na zaidi, viatu mkononi, mwenyekiti mbele na sanamu kifuani ameifunga kanga.

"Tumsifu Yesu Kristo!"

"Milele amina," nikajibu, nikisubiri kusutwa.

"Umeshindwa kumfuata Mama, Mama kaja mwenyewe. Hebu sogea."

Sanamu ikawekwa juu ya dungu, rozari ikaanza. Fumbo la kwanza lilipita kwa upole, ndege wakiendelea na chakula chao. Kisha mwenyekiti akaanzisha wimbo. Ndege wakaruka wote, nasema wote! "Mama, tuimbe tena," nikaomba. Rozari ile ilikwisha jua linazama, maana kila ndege walipotua mimi niliomba wimbo mwingine, na wenzangu wakadhani nimeguswa na Roho.

Asubuhi iliyofuata mtoto aliamka anaharisha. Mpaka nimempeleka zahanati na kupata dawa, jua lilikuwa juu. Nilikimbia kwenda bondeni nikijua nimeshaliwa.

Juu ya dungu langu alikuwa amekaa mwenyekiti, rozari shingoni, kombeo mkononi, analenga vibaya lakini anapiga kelele vizuri. Mpunga ulikuwa mzima.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Nani alikwambia hana kombeo?"

Nikauliza, "Na shamba lako, mama, anaamia nani?"

"Lile nimemwachia Mungu," akasema, akiokota kidonge kingine. "Kombeo ninalo moja tu."

Nilikaa chini kwenye matope nikalia kwa sauti, na kwa kuwa yeye alishuka kunibembeleza, ndege nao wakapata kula kidogo.