Anga la Kwenye Kalenda

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, bibi yangu mzaa mama aliponitia aibu kwa picha niliyoichora mwenyewe, na mpaka leo namshukuru.

Bibi alikuwa ameteremshwa kutoka kijijini kwake Matombo, milimani Uluguru, miguu ilipomkatalia mlima. Mama akamlaza chumba cha mbele, nyumbani kwetu mjini, Kihonda, dirisha likitazama ukuta wa jirani. Mtu aliyelima mteremko mmoja tangu usichana, leo anatazama matofali! Akaanza kukataa chakula. Siku moja akaniita, "Mume wangu," maana ndivyo bibi zetu wanavyotutania wajukuu, "si unajisifu fundi wa rangi? Nichoree shamba langu, nilione kabla sijafumba macho."

Wakati huo nilikuwa nachora mabango ya maduka pale Msamvu, kichwa kimejaa sifa. Niende Matombo kwa barabara ile ya mashimo? Thubutu! Nikaitungua kalenda ukutani, nikanakili anga lake: buluu tupu, halina hata doa. Chini nikapanga migomba, na wanawake wanaopanda mahindi. Siku moja, kazi kwisha. Haraka haraka haina baraka, lakini nani angeniambia mimi?

Nikampelekea Bibi picha kitandani.

"Hawa wanawake wana wazimu?" akauliza. "Wanapanda mahindi na mlimani hakuna hata wingu! Mbegu zote hizo si zitaliwa na panya? Hapa si kwetu, mume wangu. Umenichorea shamba la nani?"

Akageukia ukutani. Chakula cha mchana hakukigusa.

Niliumia, sikufichi. Kesho yake nikapanda gari la Matombo. Mama mdogo, aliyebaki akilitunza shamba, nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku ananinyooshea jembe. Siku sita nililima naye na kulowana naye. Nikaona wingu la kule linavyoshuka bondeni taratibu, likameza mgomba mmoja baada ya mwingine, na kijani kikakolea hadi kukaribia weusi. Dalili ya mvua ni mawingu. Methali hiyo niliikariri shuleni bila hata siku moja kuinua kichwa! Safari hii nikachora palepale shambani. Matone yakaniharibia rangi, nikayaacha.

Niliporudi nikaiegemeza picha dirishani kwa Bibi. Akaitazama, akajiinua kwa viwiko, akamwita mama kwa sauti ambayo hatukuwa tumeisikia tangu ateremke mlimani.

"We mtoto! Anua nguo, mvua hiyo!"

Mama akatoka mbio. Nje jua kali! Tulicheka mpaka machozi, na Bibi mwenyewe akicheka. Kisha akaomba uji, akamaliza kikombe kizima. Alifariki mwezi uliofuata, picha ikiwa palepale dirishani.

Basi mwanangu, wewe unayechora Uluguru kwa kutazama simu, sikia la mzee: usisafirie nyota ya mwenzio. Nenda mlimani, shika jembe kama wakikupa, ulowane kwanza ndipo ushike brashi. Picha ina mtu anayeingoja, na mtu huyo anapajua kwao kuliko wewe. Usimpelekee anga la kuokota.

Mungu akupe macho yasiyochoka na miguu ya kupanda mlima. Na siku moja, inshallah, picha yako imtoe mtu mbio akaanue nguo.