Punje ya Tatu Kwenye Beseni

Asubuhi za shamba lile nazikumbuka zikiwa nyeupe. Ukungu ulipanda kutoka ziwani, ukavuka vilima vya Bunda, ukatulia juu ya mistari ya pamba kana kwamba nao umekuja kazini. Mume wangu yuko mbele, ameinama, anageuza jani baada ya jani. Mimi niko nyuma yake na daftari. Simwoni vizuri. Namsikia tu.

"Sita," anasema. "Nne. Kumi na moja. Hakuna."

Naandika. Tunasogea hatua moja, naye anageuza jani jingine.

Alikuwa anahesabu wadudu, wale wadogo wa kijani wanaokaa chini ya jani la pamba na kulinyonya mpaka kingo zake ziwe nyekundu na kujikunja. Ilibidi wahesabiwe kabla umande haujakauka, maana jua likishapanda wanaruka, na huwezi tena kuwa na hakika na ulichokiona. Yeye alihesabu, mimi niliandika, kwa sababu mwandiko wake ulikuwa mbaya na wangu, wa darasa la sita, ulisomeka. Hakuna aliyeniajiri. Nilianza mwaka wa kwanza wa ndoa yetu ili nisishinde nyumbani peke yangu, na mwaka wa pili nikawa nimezoea.

Kilikuwa kituo kidogo cha kujaribia mbegu za pamba, kati ya Bunda na Mugeta. Kilikuwa na nyumba mbili za bati, stoo, na mizani iliyoning'inia kwenye boriti. Bwana Shamba, mtu wa visiwani aliyekuwa mpole kupita kiasi, ndiye aliyekuwa mkubwa wetu. Baada yake alikuwepo mtunza stoo, halafu mume wangu. Hao watatu walikuwa na vyeti vya chuo cha kilimo. Wengine walikuwa vibarua wa palizi, wengi wao akina mama wa Mugeta waliokuja na majembe yao na utani wao.

Mwisho kabisa wa shamba, karibu na miti ya minyaa, kulikuwa na mistari minane ambayo mume wangu aliipenda kuliko mingine yote. Pamba ya pale ilikuwa na manyoya kwenye majani. Kila msimu alichagua mbegu za miche yenye manyoya mengi zaidi, akazipanda tena msimu uliofuata, kwa sababu mdudu hawezi kukaa vizuri mahali penye manyoya. Hakuwa na chombo cha kuyapimia. Alikuwa anachukua jani na kulipitisha shavuni.

"Huyu ana ndevu," alikuwa ananiambia. "Huyu bado kijana."

"Na huyu?"

"Huyu amenyoa, anakwenda kuoa."

Alisema pamba ya mwaka ule ikishavunwa utabaki msimu mmoja tu, mbegu ile iwe imetulia na iweze kupelekwa kituo kikubwa. Habari ya msimu huo mmoja ndiyo ninayotaka kueleza.

Kila mwaka, pamba ikianza kupasuka, ilikuja fomu kutoka Musoma. Ilitaka kujua tuko wangapi, nani amesoma mpaka wapi, tuna mizani ngapi, baiskeli ngapi, serikali imetupa nini mwaka huo na tumefanyia nini. Bwana Shamba alitueleza kwamba fomu za nchi nzima zinakusanywa Dar es Salaam, kisha zinapelekwa ng'ambo, ambako kuna watu wanaotaka kujua nchi changa zina watafiti wangapi wa kilimo. Mimi nilikuwa nikisikia hivyo naona karatasi moja kubwa sana, pana kama mbuga, yenye majina ya nchi nilizozisikia kwenye redio: India, Gana, Misri. Mahali fulani chini kabisa, sisi, na stoo yetu, na mume wangu akiwa ameinama kwenye ukungu.

Tatizo lilikuwa kuhesabu. Kwetu watu hawahesabiwi, wala ng'ombe. Mchungaji anatazama zizi lake jioni na anajua kwa rangi na pembe ni yupi hajarudi. Ukianza kunyoosha kidole, moja, mbili, tatu, unaita kitu kije kipunguze. Nilikulia upande wa Butiama, na mama yangu hakuwahi kusema amezaa watoto wangapi. Alikuwa anasema, "Wapo." Mume wangu alikuwa hivyo hivyo, licha ya cheti chake. Mkaguzi mmoja alipomuuliza mbele yetu, "Ndugu, hapa mko wangapi?" alimjibu kwa heshima zote, "Tupo."

"Najua mpo. Nauliza idadi."

"Tupo wa kutosha, ndugu."

Bwana Shamba alicheka mpaka akavua kofia. Baadaye akamwambia, "Serikali haiwezi kuandika 'tupo', bwana. Na wewe unawahesabu wadudu kila siku ya Mungu."

"Wadudu sio wa mtu," mume wangu alisema. "Wakipungua nitashukuru."

Ndipo Bwana Shamba akapata njia. Aliweka beseni la bati kwenye meza ya stoo siku moja kabla ya kujaza fomu. Kila kibarua alipita akaweka mbegu moja ya pamba. Kila mwenye cheti aliweka punje moja ya mahindi. Jioni Bwana Shamba alihesabu mbegu na punje, hakuhesabu watu, na hakuna aliyekuwa na neno. Akina mama wa Mugeta walilipenda beseni lile. Mmoja wao, bibi mnene mwenye sauti ya kubeba mbali, alikuwa akidondosha mbegu yake anasema, "Nimejiweka. Mkinipika, mnitie chumvi."

Mume wangu hata beseni hakulitaka. Kila mwaka siku hiyo alikuwa na shughuli kwenye mistari ya mbali. "Niwekee yangu," alikuwa ananiambia. Nami nilikwenda stoo, nikachukua punje kwenye gunia, nikaiweka. Ya kwangu sikuwahi kuiweka. Hakuna aliyeniambia niweke.

Aliugua mvua zilipokuwa katikati. Ilikuwa homa na kifua, halafu kifua tu. Alikaa hospitali Musoma siku ambazo sikumbuki zilivyopita; nakumbuka dirisha tu, na ziwa likionekana kipande, na yeye akiniuliza kama mistari minane imepaliliwa. Nikamwambia imepaliliwa. Haikuwa imepaliliwa. Huo ndio uongo mmoja niliomwambia, na mpaka leo sijaupatia mahali pa kuuweka.

Baada ya kumzika nilirudi shambani. Ndugu zake walitaka nikae, nikakaa mpaka siku za matanga zikaisha, kisha asubuhi moja nikajikuta nimeinama kwenye mstari wa kwanza, daftari likiwa chini ya kwapa. Niligeuza jani. Nilisema kwa sauti, "Saba," nikaandika saba. Kwenye mstari wa tano au wa sita nilikuwa sijui tena sauti ile ni ya nani. Nilifanya hivyo kila siku aliyokuwa akifanya yeye. Bwana Shamba aliniona, akapita mbali kidogo, hakuniuliza kitu.

Mwaka huo ndio watu walikuwa wanahamia vijijini. Nyumba zilikuwa zinabomolewa Mugeta na njia ya Kibara, na nyingine zinajengwa kwa mistari iliyonyooka, na malori yalipita na milango, vitanda na kuku juu. Fomu ilipokuja, ilikuja na barua. Bwana Shamba alitusomea barandani. Ilisema kituo chenye watu wenye vyeti pungufu ya watatu kitaondolewa kwenye orodha msimu ujao, na eneo lake litapewa kijiji kijenge.

Mtunza stoo alitazama viatu vyake. Vigingi vya nyumba za kijiji vilikuwa vimeshafika kwenye minyaa, na kutoka pale tulipokaa niliviona, vyeupe, vikiishia mahali mistari minane inapoanzia.

Kesho yake beseni liliwekwa. Nilikwenda stoo kupima mafungu ya pamba. Vibarua walikuwa wanapita, bibi yule anasema mwaka huu amekonda na mbegu yake iandikwe nusu. Nakumbuka mkono wangu ndani ya gunia la mahindi, ubaridi wa punje, na mlio mdogo kwenye bati. Niliendelea kupima. Sikuwaza kitu chochote. Nilifika nyumbani, nikakoka moto, nikaweka sufuria, na maji yalipoanza kuchemka ndipo nikasikia ule mlio tena na kuelewa nilichofanya.

Nilikuwa nimemweka.

Nilijiambia Bwana Shamba ataona. Yeye ndiye aliyelishika jeneza upande wa kichwa, angewezaje asione? Lakini asubuhi nilipofika ofisini kwake, fomu ilikuwa imeshaingia kwenye bahasha, na bahasha imefungwa, ikingoja basi la Musoma.

"Shikamoo, Bwana Shamba."

"Marahaba, mama. Umeamkaje?"

"Salama. Kwenye beseni kulikuwa na punje ngapi?"

"Tatu."

"Moja sio ya mtu."

"Niliiona," alisema. "Nilifikiri umeiweka makusudi."

"Sikuiweka makusudi. Nilikuwaga namwekea kila mwaka. Mkono ulikwenda wenyewe."

Alikaa chini. Alionekana amechoka, na ninadhani aliona haya, kwa sababu alianza kunyoosha vitu mezani vilivyokuwa vimenyooka. "Nilisema moyoni, kama mwenye msiba ameamua hivyo, mimi ni nani," alisema. "Ni msimu mmoja tu, mama. Yeye mwenyewe alitaka msimu mmoja. Huko ng'ambo hakuna atakayekuja kuchungulia kaburi."

"Najua."

"Basi linapita saa nne. Ukisema bahasha iende, itaenda. Ukisema irudi, nitaifungua. Sitakulaumu kwa lolote."

Ningependa kuandika kwamba nilijibu mara moja. Nilitoka nje nikasimama barazani. Niliitaka iende. Niliona ile karatasi kubwa pana kama mbuga, na yeye bado yumo, ameandikwa, hai katikati ya India na Gana, na mwakani tena, na mwaka mwingine, mradi mkono wangu uwe unakwenda gunini. Ilikuwa picha nzuri. Nilikaa nayo mpaka umande ukakauka.

Kilichoniondoa pale ni neno dogo, lile alilokuwa akilisema mwisho wa jani: hakuna. Kuna asubuhi tulipita mistari ya mbegu asiyoipenda na hakukuwa na mdudu hata mmoja, na mistari yake minane ilikuwa na wadudu wengi, naye alisema kama ilivyokuwa. "Hakuna. Hakuna. Hakuna," kwa ile asiyoipenda. "Tisa," kwa ya kwake. Nilimwambia siku hiyo, punguza kidogo, nani atajua? Alikasirika kwa namna yake, yaani alinyamaza mpaka mchana. Halafu akasema, "Mkulima atajua. Atapanda, halafu atajua."

Nilirudi ndani nikamwambia Bwana Shamba aifungue.

Aliifungua kwa kisu, polepole, asichane bahasha, kwa kuwa tulikuwa na moja. Alikata tatu akaandika mbili. Kisha akabaki na kalamu hewani.

"Na wewe nikuandike wapi?"

"Mimi?"

"Nani amehesabu wadudu tangu amefariki? Hapa wanauliza anayefanya kazi hiyo. Daftari lina mwandiko mmoja tangu mwanzo."

"Sina cheti."

"Najua huna. Kwenye vyeti sikuweki. Nenda kalete mbegu."

Nilikwenda stoo nikaleta mbegu moja ya pamba, nikaiweka kwenye beseni lililokuwa tupu. Bwana Shamba aliitazama, akaongeza moja kwenye mstari wa vibarua. Jumla ya watu ilibaki ile ile iliyokuwa jana. Mimi nikaingia alipotoka yeye, ila chini zaidi kwenye karatasi. Basi lilichelewa, likaja karibu saa sita.

Tuliondolewa kwenye orodha. Barua yenyewe ilikawia barabarani, nasi tukapata kumaliza kuvuna. Mistari minane niliivuna peke yangu, nikaipima kwenye mizani ya boriti, nikaandika nilichokiona. Mingine ilikuwa mizuri na mingine ya kawaida. Mbegu zilikwenda kituo kikubwa katika mfuko mmoja wa kitambaa pamoja na daftari, juu ya lori lililobeba milango ya watu. Hazikupata ule msimu mmoja hapa kwetu. Kama zilipata huko, sikuambiwa. Vigingi vilivuka minyaa wiki iliyofuata. Bwana Shamba alihamishwa, akaniachia beseni.

Nilipewa kiwanja katika kijiji hicho hicho. Nyumba yangu, nikipiga hesabu kwa minyaa iliyobaki, iko kwenye mstari wa nne au wa tano.

Miaka mingi baadaye nilikuwa nakwenda msibani Kibara, gari likaharibika, nikashuka kunyoosha miguu kando ya shamba la pamba la mtu. Ilikuwa asubuhi bado, na ukungu ulikuwepo. Nilichuma jani nikalipitisha shavuni. Mwenye shamba alitokea katikati ya mistari na jembe.

"Mama, unatafuta nini kwenye pamba yangu?"

"Nisamehe, baba. Naangalia kama ina ndevu."

Alicheka. "Inazo. Hii haisumbuliwi na wadudu. Tunapewa tu mbegu na chama cha ushirika, sijui wanaitoaga wapi."

Nilimwambia nami sijui, na kweli sijui. Watu wengi katika nchi nyingi walikuwa wanageuza majani miaka ile. Nilimwomba ruhusa nigeuze moja. Akasema geuza. Niliinama, nikaligeuza, nikatazama vizuri mpaka nikawa na hakika.

"Hakuna," nikasema.