Somo wa Kwenye Simu

Juzi nilikuwa kliniki hapa kisiwani Amu nikingojea dawa ya presha. Mbele yangu bibi mmoja wa Siyu, ng'ambo ya maji, alikuwa amemleta mjukuu wake, msichana wa sekondari ambaye tangu Ramadhani iishe hasemi na mtu. Muuguzi alimwekea programu kwenye simu.

"Kila asubuhi itakuuliza umeamkaje. Ukijibu vibaya au ukinyamaza, mimi napata ujumbe, nakupigia."

Bibi aliitazama simu, akamtazama muuguzi. "Kumbe wewe ndiwe somo wake."

Muuguzi, mtu wa bara, alitabasamu bila kuelewa. Mimi machozi yalinilengalenga. Zamani kwetu binti akivunja ungo alipewa somo, mwanamke mzima asiye mama yake, wa kumwambia yale yasiyosemeka nyumbani. Somo wa dada yangu aliingia bila hodi, akamtazama usoni, akawa ashajua. Siku hizi tunatazama simu, basi acha nayo simu ituulize hali.

Bibi alichomoa kikuba, kile kishada cha asumini cha kunukia, chini ya buibui, akampachika muuguzi kifuani. "Somo huya nyumbani, mwanangu. Waiyua ndia ya kwetu?"

"Njia ya kuja kwenu siijui, bibi."

"Ukishuka gatini, wapita msikitini..."

"Si huko, bibi." Msichana alikuwa ameinua kichwa. "Huko kuna matope. Apite nyuma ya ngome. Nitamngoja hapo."

Ile simu ilikuwa bado haijamuuliza lolote.